Manjano, tangawizi, vibua au mazoezi: kipi kinamfaa mzee mwenye magoti ya kuvimba?

BintiPangani
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama ana miaka 68. Magoti yanamuuma, la kulia huvimba akishinda shambani. Daktari alisema gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa gotini, limelika. Anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku, sasa tumbo linamchoma. Jirani anasema manjano, shangazi anasema tangawizi, mimi nasikia samaki. Mliouguza wazazi, mngeanza na kipi?

Mkwezi
Pole dada. Mimi ni manjano, lakini si ya maji moto. Unga wake una kurkumini, ile kemikali inayosemwa kupunguza uvimbe, kama asilimia 3 tu, na utumbo huinyonya kidogo mno. Weka kwenye mchuzi wa nazi na pilipili manga, hapo itafyonzwa vizuri zaidi. Tangawizi nayo inasaidia, ila kidogo.

MuuguziMstaafu
Mwanangu, kwanza tumbo. Diklofenaki ya kila siku kwa umri huo huleta vidonda, huumiza figo na kupandisha presha. Apelekwe akaonwe wiki hii. Akipata choo cheusi kama lami, siku hiyo hiyo.
Manjano ya mchuzini haina shida. Vidonge vyake ndivyo vya kuuliza daktari kwanza, hasa kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana damu inaweza kukataa kuganda.
Ukiniuliza kipi kinashinda, ni mazoezi, na vingine viko mbali nyuma. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupumua. Kama ana mwili mkubwa apungue pia: kila kilo moja inayotoka huliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua.

Mkwezi
Mama, kwa heshima yote, goti limevimba halafu afanye mazoezi?

MuuguziMstaafu
Siku limevimba apunguze, asiache kabisa. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya goti, nayo huingia goti likikunjwa na kunyooshwa. Mzee anayewekwa kitini kutwa kwa kuhurumiwa ndiye anayekakamaa. Maumivu kidogo yanayotulia kufikia kesho yake si ya kuogopa.

Nahodha_T
Samaki msimwache. Vibua na dagaa wana omega 3, mafuta yanayosaidia kupunguza uvimbe, na Pangani hawakosekani. Wachemshwe au wapikwe mchuzi, si kukaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa. Ila niseme ukweli, omega 3 imeonekana kusaidia zaidi wenye baridi yabisi, yaani kinga ya mwili inaposhambulia viungo, kuliko waliolika gegedu. Mama akiamka na vidole vimekaza kwa saa nzima, huo ni ugonjwa mwingine na una dawa zake za hospitali.
Na jihadharini na unga wa mizizi unaotuliza maumivu usiku mmoja. Baadhi huchanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za hospitali za kushusha uvimbe.

BintiPangani
Asanteni sana. Warfarini hatumii, ila presha anayo, kwa hiyo kesho kutwa tunaenda kuonana na daktari. Bibi muuguzi, shida yake kubwa ni kunyanyuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Aanzie wapi?

MuuguziMstaafu
Kigoda mkiondoe. Mpe kiti kirefu kilichoegemezwa ukutani, na mto juu yake. Anyanyuke na kukaa taratibu mara tano asubuhi, mara tano jioni, mikono ikishika meza mwanzoni. Akizoea, ondoa mto.