Aliyemwambia dada yangu aache kemo anywe dawa za Kichina, uzi huu ni wako

Wakuu, mnivumilie, naandika moyo unachemka.

Dada yangu alitolewa titi la kushoto kwa saratani. Operesheni ilienda vizuri, kidonda kikakauka, akapangiwa kuanza kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, wiki ya tano. Wiki ya nne jirani akampeleka kwenye "kliniki ya dawa za Kichina". Mnazijua hizi. Unashikishwa chuma mkononi, dakika moja tu kompyuta inakutolea karatasi ya magonjwa yote kuanzia ini mpaka magoti. Mwenye koti jeupe akamwambia: "Uvimbe si wameshautoa? Kemo ya nini tena? Itakumaliza. Hizi zitasafisha sumu na kurudisha kinga." Laki sita na nusu kwa dozi ya mwezi. Chupa zimeandikwa Kichina kitupu.

Akanywa miezi minne. Sisi tunajua anahudhuria kliniki, kumbe kliniki yenyewe ndiyo hiyo! Tulijua siku alipomwonyesha mama uvimbe kwapani.

Nimemfuata yule bwana. Jibu lake: "Hakumaliza dozi." Nikamwomba cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, akasema anayekitunza amesafiri.

Na asije mtu hapa kusema nachukia tiba za Wachina. Dawa mseto ya malaria tunayomeza wote chanzo chake ni mmea wa China uliotumika kutibu homa kwa karne nyingi. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, ndiyo dawa iliyomo kwenye mmea huo, aliichuja, ikajaribiwa kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakaimeza kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Huko kwao mgonjwa wa saratani hupewa mitishamba hospitalini huku kemo ikiendelea. Sindano za Kichina (akupancha, sindano nyembamba zisizo na dawa) za kutuliza kichefuchefu zinatumika mpaka hospitali za Marekani. Hizo ni za kumsaidia mtu amalize matibabu, si za kumtorosha!

Kisu kinatoa uvimbe unaoonekana. Kemo inawinda chembe zilizokwisha kutoroka, ndiyo maana ina tarehe yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo mwaka 2018: waliochanganya hospitali na tiba mbadala walikuwa na hatari ya kufa mara mbili hivi ya wenzao waliotumia hospitali pekee, na sababu kubwa ni kwamba walikataa kemo, mionzi au matibabu mengine waliyopangiwa. Dada yangu yumo humo humo.

Sasa madaktari wanauliza alikunywa nini, maana lazima wajue hali ya ini na figo kabla ya dripu ya kwanza. Nani ajue? Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja wa Kichina uliwekwa mahali pa mwingine. Baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na ile ilikuwa kliniki yenye madaktari, si fremu ya dukani.

Anaanza kemo Jumanne, vipimo vikiruhusu. Chupa na risiti ninazo, napeleka malalamiko wiki hii. Kama nawe uliambiwa uache kemo au mionzi na una risiti, njoo PM twende pamoja.