Tupeane uzoefu: uliugua miezi, kazi ikabaki?

MamaShuka: Leo Casuarina, hapa Malindi, nimeona pikapu ya dobi inashusha mashuka, mgongo ukaniuma papo hapo. Mlioumwa muda mrefu mkiwa kazini, mlifanyiwaje?

MpishiMstaafu: Usinikumbushe. Mgongo ulinishika nikiinua sufuria ya wali. Siku 7 nikalipwa kamili, siku 7 nusu, kisha patupu. Mwezi wa tatu nikaitwa kwa daktari wa kampuni. Nikadhani natibiwa! Kumbe yeye ni wa kuwaambia wao huyu anaweza kazi au hawezi. Akaandika nirudi, ila wiki sita nisiinue kizito. Nikashuka na karatasi yangu kwa furaha. Meneja akaisoma, akasema, "Jikoni kwangu hamna kazi nyepesi." Nikakaa benchi la walinzi hadi jioni, kofia mfukoni, wenzangu wakinipa pole kama nimefiwa. Kilichoniliza ni kuona kisu changu keshapewa kijana wa kibarua.

Bi_Shela: Benchi hilo nalijua. Pole.

MtuWaChama: Hukuitiwa kikao? Sheria ya Ajira ya Kenya, 2007, kifungu cha 41: kabla ya kukuachisha kwa ugonjwa, wakueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, na mwenzio wa kazini au wa chama cha wafanyakazi awepo.

Kasa99: Kaumia kazini huyo. Hapo ni sheria ya fidia, si ruhusa ya ugonjwa.

MtuWaChama: Mgongo ni umri.

Kasa99: Umri wa nani? Wa sufuria?

NahodhaMokowe: Nyinyi na vifungu vyenu. Sisi mwenzetu wa bustani alipewa wiki tatu, mguu haukanyagi. Maulidi ya Lamu ikaingia. Meneja kaja kutembea, anamkuta kwenye mashindano ya punda, yu juu ya punda!

Bi_Shela: Wallahi? Akasemaje?

NahodhaMokowe: "Daktari kanikataza kutembea, kupanda hakusema."

MtuWaChama: Hawa ndio wanaotuharibia wagonjwa wa kweli.

Kasa99: Weka nakala ya kila karatasi. Na daktari wa kampuni awape jibu la kazi tu, ugonjwa wako ni siri yako.

Bi_Shela: Mie nilificha, nikaambiwa najisingizia. Sema yote.

MpishiMstaafu: Kisu kile nilikinunua kwa pesa zangu.

MamaShuka: Pole kaka. Nahodha, yule wa punda alifukuzwa?

NahodhaMokowe: Alitoka wa pili.