Naomba ushauri: nyumba ya sherehe kando ya ziwa, magogo na kioo
Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninasanifu nyumba ya sherehe ya watu 150 kando ya ziwa, na mwenye mradi anataka mawe na magogo yasiyorandwa yakutane na usasa wa miaka ya 1950: paa bapa la chini, nguzo nyembamba na ukuta mzima wa kioo unaotazama maji. Sakafu nimeshaiinua juu ya nguzo, ingawa hata Farnsworth House, nyumba ya kioo na chuma ya msanifu majengo Mies van der Rohe huko Marekani, iliyokamilika mwaka 1951 ikiwa imeinuliwa vivyo hivyo, imewahi kuingiwa na mafuriko.

Kinachonikwamisha ni upande wa ziwa, unaoelekea magharibi. Nimejaribu kurefusha upenu hadi mita 2, lakini jua la jioni, likiwa chini na kuakisiwa na maji, bado linapenya. Mapazia nayo yanaziba mandhari yaliyotuleta pale.

Je, vibao vya mbao vilivyosimamishwa wima nje ya kioo vitatosha, au niugeuze ukumbi? Na magogo yabebe paa kwelikweli, au yawe pambo juu ya fremu ya chuma, jambo ambalo mimi naliona kama udanganyifu?

Natanguliza shukrani.