Naomba ushauri: kioo cha Waetruski (watu wa Italia ya kale) kinatoa unga wa kijani

Wakuu, kioo cha mkono cha bronzi, mgongoni kimechongwa sura ya Turan, mungu wao wa kike wa mapenzi. Kwenye mpini vimeibuka vidoa vya kijani mpauko. Ukivigusa kwa sindano vinapukutika na kuacha vishimo. Hiyo si kutu tulivu, ni kloridi ya shaba iliyoamshwa na unyevu.

Kwa sasa kimo kwenye boksi lisilopitisha hewa, na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), unyevu chini ya asilimia 40. Je, nikwangue vishimo kwanza chini ya hadubini, ndipo niloweke kwenye benzotriazoli (dawa ya kuzuia kutu ya shaba) asilimia 3 ndani ya ethanoli kwa saa 24? Dawa yenyewe sumu, na haing'oi kloridi iliyozama. Siki na ndimu msinitajie, zinakula michoro.

Halafu risiti inaanzia 1968, kibali cha kutoka Italia hakuna, na sheria yao ya 1909, iliyofanya vitu vya kale vilivyochimbuliwa kuwa mali ya serikali, inajulikana. Nianzie wapi?