Vidonge vya "kuamsha enzaimu" ili upungue uzito, vipo kweli?

BintiMwanga: Habari za jioni wadau, naombeni msaada. Niko Mwanga hapa Kigoma, dada yangu ana kilo 104 na juzi kliniki wamemwambia sukari inapanda, basi katika kuhangaika kanunua vidonge kwa mama mmoja wa kwenye grupu la WhatsApp, eti vinaamsha enzaimu mafuta yanaungua hata ukiwa umelala. Vya njano, kwenye kimfuko cha nailoni, hakuna jina hakuna tarehe. Kameza siku mbili tu, jana usiku katoka jasho mpaka godoro limelowa na feni ilikuwa inazunguka. Hizi dawa zipo kweli au tumeibiwa?

Famasia_Tbr: Asimeze tena hata kimoja, mpelekeni hospitali sasa hivi na kimfuko mkibebe. Jasho hilo silipendi kabisa. Kuna kemikali ya njano inaitwa DNP, miaka ya 1930 kule Marekani waliuziwa watu kupunguza unene, inachoma chakula ndani ya seli lakini nguvu nyingi inapotea kama joto, wengine wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa mwili ukichemka. Sisemi ndiyo hiyo, ila sumu yake haina dawa maalum, kwa hiyo msisubiri asubuhi.

BintiMwanga: Tumefika, wamemlaza, joto 38.9, wamemtundikia dripu. Nakaa nae. Hiyo enzaimu sasa ni uongo mtupu?

Famasia_Tbr: Poleni sana. Enzaimu ni protini inayoendesha kazi ndani ya seli, na hiyo wanayoitaja ni ya kweli, inaitwa AMPK. Seli ikiishiwa nguvu ndio inaamka, inazuia kutengeneza mafuta mapya na misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu, na ni moja ya njia zinazofanya sukari ishuke mtu akitembea kwa miguu. Watafiti wametengeneza dawa ya kuiamsha moja kwa moja, MK-8722, mwaka 2017 walionyesha inashusha sukari kwa nyani lakini mioyo yao ikatanuka, maana enzaimu hiyohiyo iko na kwenye moyo. Dawa hiyo inaiamsha kila mahali, hapo ndipo penye shida.

Mzee_Ujiji: Mwanangu pole. Mimi nina mwaka wa sita na metformini, dawa ya kisukari, nayo inasemekana inaigusa hiyo AMPK. Vidonge vinanuka kama dagaa wa Kibirizi, mwanzoni viliniharisha mpaka nesi akaniambia nimeze katikati ya chakula. Sukari imetulia ila kilo nilizopungua ni mbili tatu tu, asikudanganye mtu.

Famasia_Tbr: Mzee shikamoo, umesema kweli. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002, metformini ilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 31, waliopunguza kula na kutembea dakika 150 kwa wiki asilimia 58. Binti, muulizeni daktari kuhusu metformini, wapime figo kwanza.

BintiMwanga: Asanteni, shikamoo mzee. Joto sasa 37.6, kaamka kaomba uji. Kimfuko daktari kabaki nacho.