Mgonjwa kaanza ghafla kuona viwili viwili: nani aondoke usiku huu?

Zahanati_Bondeni
Habari za jioni wadau. Naomba tulijadili hili kwa vitendo. Mtu mzima anafika jioni, anasema tangu mchana kila mtu anamwona wawili. Presha 150/95, sukari 11, anajitambua, anatembea mwenyewe. Zahanati ina tochi, glukomita, mashine ya presha, basi. Hospitali yenye CT scan iko mwendo wa saa tatu na usafiri wa usiku ni bodaboda. Wengi huambiwa "hiyo ni sukari" na kuandikiwa kliniki ya macho wiki ijayo. Ni dalili zipi zinamtoa mtu kwenye foleni ya wiki ijayo?

TochiNaKiganja
Anza na kiganja chake. Atazame kitu cha mbali, mfano fremu ya mlango, afunike jicho la kulia, kisha la kushoto. Afunike, asifumbe kwa kukaza, maana akikaza jicho moja na la pili hufinyika na jibu linakuwa la ovyo.

Picha ya pili ikibaki hata jicho moja limefunikwa, kasoro iko ndani ya jicho linalotazama: mtoto wa jicho, konea (kioo cha mbele ya jicho) isiyo na umbo sawa, jicho kavu. Mara nyingi ataeleza kama kivuli kilichoganda kando ya herufi. Huyo anaweza kusubiri kliniki, mradi jicho haliumi, si jekundu, halijapigwa, na uoni haujashuka ghafla.

Picha ikirudi kuwa moja kila anapofunika jicho, liwe la kulia au la kushoto, basi macho hayaelekei pamoja. Tatizo ni la msuli, neva au ubongo. Likiwa jipya, wiki ijayo isahau. Swali ni kama aondoke sasa hivi au alfajiri, na jibu liko kwenye kope na mboni.

Neva ya tatu ya fuvu ndiyo inayoinua kope, inaendesha misuli minne kati ya sita ya kuzungusha jicho, na inabana mboni. Nyuzi za mboni zimepita juujuu, upande wa nje wa neva. Mshipa wa damu uliotuna kama puto chini ya ubongo huikandamiza neva kutoka nje, kwa hiyo mboni hupanuka mapema. Sukari huziba vimishipa vya ndani ya neva, ndiyo maana mboni mara nyingi husalimika. Kope limeanguka, jicho limeelekea upande wa sikio na chini, mboni kubwa isiyobana kwenye mwanga: chukulia kuna mshipa unaoweza kupasuka hata akiwa njiani. Kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, pengine umeshaanza kuvuja.

Kwenye macho ya rangi nzito mboni haionekani vizuri ukimulika kutoka mbele. Shika tochi pembeni, usawa wa shavu, mwanga upite kimshazari. Linganisha macho yote mawili kwenye mwanga mzuri, maana mboni mgonjwa inajitokeza pale mwenzake anapobana. Hata tofauti ya milimita 1 iandike. Uliza pia kama kuna mtu alimtilia matone, atropini inapanua mboni na kukupoteza.

Jambo moja linasahaulika sana: kope likianguka kabisa mgonjwa halalamiki kuona viwili, kwa sababu jicho limeshafunikwa. Liinue kwa kidole ndipo umuulize.

Neva346
Mkuu Tochi kamaliza upande wa neva ya tatu. Mimi naongeza dalili zinazoambatana.

Kuona viwili pamoja na kupepesuka, kizunguzungu kikali, ulimi mzito, uso kupinda, ganzi upande mmoja au kushindwa kumeza: hicho kichukulie kama kiharusi cha shina la ubongo mpaka uchunguzi wa hospitali ukatae. Andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, siyo saa uliyompokea. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina dirisha la saa 4.5, na huhesabiwa kutoka hapo. Usimpe aspirini, hujui kama ni kuziba au kuvuja. Usimpe chai wala kidonge kabla ya kujua anameza salama. Na presha usiiporomoshe, hasa ile tabia ya kuweka nifedipini chini ya ulimi. Hiyo inaua ubongo uliokuwa ukiponea chupuchupu.

Picha mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, zikaachana zaidi akitazama mbali au upande mmoja, ni neva ya sita, inayovuta jicho upande wa sikio. Pekee yake kwa mwenye sukari inaweza kuwa ni ya sukari tu. Ikija na maumivu ya kichwa ya siku nyingi, kutapika, homa au shingo ngumu, waza shinikizo ndani ya fuvu. Kwa anayeishi na VVU mwenye CD4 (chembe za kinga) za chini, waza homa ya uti wa mgongo ya fangasi aitwaye kriptokoka. Huyo analazwa leo.

Aliyevuka miaka 50, kipanda uso kipya, ngozi ya kichwa inauma akichana nywele, taya linachoka akitafuna: ni uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani. Kesho anaweza kuamka haoni. Prednisoloni huanza siku hiyohiyo, majibu ya ESR (kipimo cha damu cha uvimbe) yatafuata.

Ajali ya bodaboda nayo ina mtego wake kwa watoto. Jicho linaonekana jeupe safi, lakini mtoto akijaribu kutazama juu linagoma, anatapika, mapigo ya moyo yanashuka. Msuli umebanwa kwenye mfupa uliovunjika chini ya jicho. Anahitaji upasuaji haraka, na njiani asipenge kamasi.

DawaNaDozi
Kabla ya yote soma vidonge vyake. Kabamazepini au fenitoini, dawa za kifafa, ikizidi humfanya mtu aone viwili na kuyumba kama mlevi. Mlevi wa kweli, au mtu aliyetapika wiki kadhaa, akichanganyikiwa na kupepesuka anahitaji vitamini B1 ya sindano.

Sukari chini ya 4 na anameza vizuri: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Ikipanda na macho yakatulia, umepata jibu.

Kope zinazolegea zaidi jioni na kupona asubuhi ni dalili ya mastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka. Atazame juu dakika moja, uone kama kope linashuka. Kisha ahesabu kwa pumzi moja, na akishindwa kufika 20 aondoke sasa, maana misuli ya kupumua nayo inachoka. Huyo usimpe jentamisini, siprofloksasini, kwinini wala maginesiamu bila kushauriana.

Na huko shambani, kope kulegea na kuona viwili baada ya kuumwa na nyoka ni sumu ya swila au koboko inayopanda. Usifunge kamba, usichanje.

Zahanati_Bondeni
Asanteni sana. Sasa yule wa mfano wangu: ana sukari, mboni sawa, kope liko juu, hana kingine chochote?

TochiNaKiganja
Huyo alfajiri, kwa gari. Bodaboda hapana, mtu anayeona barabara mbili akiyumba nyuma atakuongezea jeraha. Mbandike kitambaa jicho moja, ataona picha moja na hatajikwaa. Lala naye karibu na umpime mboni kila saa, kwa sababu mshipa uliotuna unaweza kuiacha mboni siku za mwanzo kisha ikapanuka. Ikibadilika, au kope likianza kushuka, usingoje kupambazuke.

Ikithibitika ni sukari tu, kwa kawaida neva hurudi ndani ya miezi 3 hivi. Isiporudi, uchunguzi uanze upya.

Neva346
Na kwenye karatasi ya rufaa usiandike "tatizo la macho", watampeleka chumba cha miwani. Andika: "Kuona viwili kwa ghafla, kunakoisha akifunika jicho lolote", saa ya kuanza, ukubwa wa kila mboni kwa milimita, presha, sukari, na dawa zote na saa ya dozi ya mwisho.