Naomba ushauri: kompyuta za zamani nizihifadhije stoo?

Wakuu, nina kompyuta tatu: mbili za mezani, Pentium 4 zenye Windows XP, na mpakato moja. Zote zinawaka. Kuuza sitaki, moja ndiyo niliyochapia barua za watu mpaka nikaezeka nyumba.

Nataka zikae stoo miaka kama mitano. Shida niko Tanga, karibu na bahari: unyevu, chumvi, na mende juu. Vumbi nimeshapuliza, betri ya mpakato nimeitoa ikiwa na chaji nusu. Ile betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) niitoe pia? Nikizifunga nailoni na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, hazitatoa jasho humo ndani? Na diski, niwe naziwasha mara mojamoja? Picha za harusi zimo, nakala ninayo moja tu.